Kocha binafsi wa mazoezi Kinondoni: nilichokilipia na nilichokipata

Huduma ninayoielezea hapa ni ya kocha binafsi wa mazoezi, anayewafuata wateja wake majumbani na viwanjani katika maeneo ya Kinondoni na Oysterbay jijini Dar es Salaam. Nimekuwa naye kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa malipo ya shilingi 150,000 kwa mwezi kwa vipindi vitatu kila wiki, kila kipindi kikiwa cha dakika hamsini hivi. Nitamwita Kocha tu, kwa sababu hakuniomba nimtangaze na yapo mambo mawili matatu katika huduma yake ambayo sikuyapenda. Ninaona fedha yangu imefanya kazi, ingawa si ile kazi iliyotajwa kwenye tangazo lake, lililokuwa na picha za vijana wenye misuli na ahadi ya kuondoa kitambi ndani ya miezi mitatu.

Mimi ni mhasibu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ofisi yangu iko Posta, na sehemu kubwa ya siku naimaliza nikiwa nimekaa. Daktari aliponiambia kwamba presha yangu imeanza kupanda, hakunieleza jambo geni kuhusu mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au nusu ya muda huo kama ni mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwanachama wa jimu moja iliyonipa punguzo zuri kwa kulipia mwaka mzima kwa mkupuo, na wiki nilizoacha kwenda hakuna aliyenipigia simu kuniuliza nipo wapi. Sishangai, kwa kuwa mwanachama aliyekwisha kulipa na haonekani hachakazi mashine wala hajazi ukumbi.

Baada ya jimu nilijaribu programu ya simu, ile ya kuhesabu siku ulizofanya mazoezi bila kukatisha. Ilinifaa kwa muda, hadi nilipopata msiba wa kusafiri na nikarudi kukuta hesabu yangu imeanza upya kwenye sifuri, kana kwamba wiki zote za nyuma hazikuwapo. Sikuifungua tena. Baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ambao uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa wastani iliwachukua siku 66 tabia hiyo kuja yenyewe bila kujisukuma, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254, na tabia nyepesi kama kunywa glasi ya maji zilishika mapema kuliko mazoezi. Watu wengi huikumbuka hiyo 66 na kuigeuza kuwa ahadi. Mimi nilichokishika ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana ile safari ya kujenga tabia. Programu yangu ya simu ilikuwa imejengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa na hiyo.

Kocha, ambaye sidhani kama amewahi kuusoma utafiti huo, anafanya kazi kana kwamba yeye ndiye aliyeuandika. Siku ya kwanza hakunikimbiza wala hakunipima uzito. Alikaa nami barazani na kuniuliza wiki yangu inavyokwenda, saa kwa saa: natoka nyumbani saa ngapi, narudi kwa mwendokasi au kwa gari la mtu, nani anapika, watoto wanalala saa ngapi, na ni jambo gani ninalolifanya kila siku hata nikiwa nimechoka. Nilimjibu kwamba sikosi swala ya alfajiri. Akaandika hapo hapo kwamba mazoezi yatafuata swala, saa kumi na moja na dakika arobaini, kwa kuwa kazi ngumu ya kutoka kitandani nimekwisha kuizoea kwa miaka mingi na hakuna haja ya kuianzisha mara ya pili jioni. Raba akataka zikae mlangoni mwa chumba usiku kucha, soksi zikiwa ndani yake. Mpango mzima ulikuwa mdogo kiasi kwamba niliona haya kumlipa.

Kanuni zake zilikuwa mbili, na ndizo ninazoziona kuwa roho ya huduma yake. Ya kwanza, siku ambayo kipindi kamili hakiwezekani kwa sababu yoyote, nifanye dakika kumi sebuleni na kuziandika kwenye daftari, na dakika hizo zihesabiwe kuwa mazoezi ya siku hiyo bila mjadala. Ya pili, kipindi kilichokosekana kabisa hakifidiwi siku nyingine. Hii ya pili ilinitatiza, kwa sababu katika vitabu vya hesabu salio la mwezi huu huhamia mwezi ujao na hakuna deni linalofutika kwa kupuuzwa, kwa hiyo nilimwuliza kama nikikosa Jumatatu nisifanye mara mbili Jumatano. Alinijibu, "Hapana dada, hilo deni tumelisamehe. Ukilibeba, Jumatano itakuwa nzito, Ijumaa utaumwa, na wiki ijayo utanikimbia." Kwa nilivyowaona wenzangu wawili ofisini wanaojilipiza mazoezi mwishoni mwa wiki na kushinda Jumatatu wakilalamikia magoti, nadhani ana haki.

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kawaida. Kila siku ina mstari mmoja: tarehe, nilichofanya, muda, na neno moja la hali, kama vile "nyepesi", "nzito" au "usingizi". Kila mwisho wa wiki ya nne tulikaa nalo tukisoma. Ni kwa daftari hilo tuligundua kwamba siku zangu za "nzito" zilifuata usiku wa kufunga hesabu za mwezi ofisini, naye akahamishia kipindi kigumu mbali na tarehe hizo. Jimu haikuweza kunifanyia hivyo kwa kuwa haikujua ninafanya kazi gani.

Katika ufundishaji ni mtu wa subira. Nilipoanza sikuweza kuchuchumaa bila visigino kunyanyuka, naye hakuniambia nijikaze. Alileta kiti cha plastiki, akaniweka mbele yake na kunitaka niketi polepole hadi niguse kiti kisha niinuke bila kushika chochote, magoti yakielekea vidole vya miguu vinakoelekea. Nilipokizoea kiti, alikiondoa na kuweka ndoo ya lita kumi iliyofunikwa kwa ubao, iliyo chini zaidi. Siku moja aliisogeza ndoo bila kuniambia, nikashuka hadi chini na kuinuka, na ndipo nilipotambua kwamba nyuma yangu hapakuwa na kitu. Pushapu nilianza nazo kwa kusukuma ukuta, nikaja kwenye ukingo wa meza, na mpaka sasa sijafika chini zaidi ya zile za kupiga magoti.

Katika kukimbia, kipimo chake ni mazungumzo. Jumamosi tulikuwa tunakutana Coco Beach na kwenda taratibu hadi daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo asubuhi hujaa wakimbiaji kuliko magari. Tukiwa juu ya daraja ananiuliza, "Dada, nyanya leo Tandale wanauzaje sado?" Nikiweza kumjibu kwa sentensi nzima, mwendo ni sawa, nikijibu kwa neno moja moja, tunapunguza, nikiweza kumwimbia, tunaongeza. Kipimo cha namna hii madaktari nao hukitumia kutambua mazoezi ya wastani, na hakihitaji saa ya kupima mapigo ya moyo ambayo vijana wa ofisini kwetu wanaiona kuwa lazima.

Niseme sasa juu ya nidhamu, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Wengi wetu tunalichukulia kama sifa ya moyo ambayo mtu anayo au hana, na asiyekuwa nayo hujilaumu kila Januari. Kwangu, miezi ya mwanzo, nidhamu ilikuwa ni sauti getini ikisema, "Shikamoo dada, nimefika." Kijana ametoka Tabata kwa bodaboda gizani, kumrudisha ni aibu ambayo mtu aliyelelewa vizuri haiwezi. Baada ya hapo alianza kuja mara mbili badala ya tatu, siku ya tatu akinitumia ujumbe tu, kisha hata ujumbe akauacha na kungoja picha ya ukurasa wa daftari. Alinipunguzia uwepo wake kwa makusudi, jambo ambalo kibiashara linamwumiza, na ndilo lililonifanya nimwamini zaidi. Makocha wengi niliowasikia kwa marafiki hufanya kinyume: kila mwezi zoezi jipya lenye jina gumu, ili mteja asijione kamwe kuwa anaweza kusimama mwenyewe.

Jaribio halisi lilikuja na Ramadhani. Nilitarajia aniambie tupumzike mwezi mzima, au abaki na ratiba ileile kwa ukaidi. Alihamisha matembezi ya haraka kuwa nusu saa kabla ya magharibi, ili futari na maji viwe karibu, na mazoezi ya misuli akayafupisha na kuyaweka baada ya tarawehe, siku mbili tu kwa wiki. Hakutafuta maendeleo yoyote mwezi huo. Alitaka mistari ya daftari isikauke. Masika nayo tuliipitisha kwenye korido ya ghorofa tunamoishi, huku majirani wakitusalimia kwa mzaha hadi wakachoka. Februari alipokwenda Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon nilibaki peke yangu, na vipindi havikukatika.

Yapo yasiyoridhisha. Ushauri wake wa chakula ni dhaifu kabisa. Alinipa karatasi yenye orodha ya vyakula ambavyo nusu yake vinapatikana kwenye maduka makubwa tu kwa bei ya kutisha, na haikutaja ugali, maharage, mchicha wala dagaa, kana kwamba aliyeiandika hajawahi kula Kinondoni. Niliiweka kando na kumwona mtaalamu wa lishe hospitalini, ambaye alianza na chumvi na ukubwa wa sahani. La pili ni kwamba mwezi fulani aliwakusanya wateja wanne uwanjani kwa wakati mmoja ilhali kila mmoja alilipia kipindi cha peke yake. Nilipomwambia alinirudishia muda wangu bila ubishi, lakini ilibidi nimwambie. La tatu, hatoi risiti, na mtu wa kazi yangu halipiti hilo kimya. Nimekuwa nikitunza ujumbe wa malipo ya simu badala yake.

Kuhusu matokeo, anayetafuta picha za kabla na baada atasikitika. Uzito wangu umepungua kidogo tu. Kiuno kimepungua zaidi kuliko mizani inavyokiri, napanda ngazi za ofisini lifti inapoharibika bila kusimama katikati, na vipimo vya presha vya miezi ya karibuni vimekuwa vizuri. Dawa bado natumia kama daktari alivyoelekeza, na Kocha mwenyewe ndiye aliyenionya nisije nikaiacha kwa kuona nimepata pumzi.

Kwa anayefikiria kumchukua kocha wa namna hii, ningemshauri aulize mambo mawili kabla ya kutuma fedha: siku nikisafiri au nikiumwa tunafanyaje, na baada ya miezi sita nitakuhitaji mara ngapi kwa wiki. Atakayejibu swali la pili kwa kusema "mara zilezile" anatafuta mshahara. Mwenye maumivu ya goti au mgongo, au aliyetoka kujifungua karibuni, aanze kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa Kocha ni mkimbiaji aliyejifunza kazi viwanjani na hajidai kuwa zaidi ya hapo. Na anayeweza tayari kuamka mwenyewe na kwenda uwanjani na kikundi cha joging cha mtaani kwake hana sababu ya kulipa shilingi 150,000. Vikundi hivyo vimejaa jijini, mchango wake ni mdogo, na watu wake wanajua kukuulizia usipoonekana.

Mimi tangu mwezi uliopita nimebaki na kipindi kimoja kwa wiki, Jumamosi, kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na siku nyingine nafanya mwenyewe na kumtumia picha ya daftari. Amedokeza kwamba mwakani bei itapanda. Nimemwambia kwamba tutalizungumza hilo atakapoanza kuandika risiti.