Kambi ya familia Lushoto: tulilala kwenye hema, baridi ikatuamsha mapema

Mwezi wa saba nilikuwa na mafunzo ya walimu wa shule ya Jumapili, Ijumaa mpaka Jumapili, kwenye kituo kimoja cha kanisa nje kidogo ya mji wa Lushoto. Tangazo lilisema mwenye familia aje nayo, kuna uwanja wa mahema: shilingi 15,000 kwa hema kwa usiku, chakula mbali. Baba watoto alikuwa likizo, tukasema twende.

Kutoka Dar hadi Mombo ni safari ya kawaida. Kazi inaanza pale unapoacha lami kuu na kupanda mlima, kona juu ya kona. Kabla hatujafika Soni mdogo wetu alikuwa ameshatapika mara mbili. Bebeni mifuko.

Uwanja wa mahema ni mzuri kwa macho: majani mafupi chini kabisa ya kiwanja, kijito pembeni, misitu juu. Tukapigilia vigingi tukijipongeza. Mlinzi, mzee wa Kisambaa, akapita na tochi yake. Nikamwamkia. Akaitikia, akatazama hema, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo baridi inapolala." Tukacheka.

Saa nane usiku hatukucheka tena. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai hewa ya baridi huteremka mlimani ikatuama bondeni, pale pale tulipo. Wajerumani walipapenda sana huku, wakapaita Wilhelmstal, lakini wao walikuja na makoti. Sisi tulikuja na khanga na mashuka mawili. Alfajiri hema lilikuwa linadondosha umande kwa ndani. Nikaenda kuomba mablanketi, nikaambiwa ni ya wanaolala bwenini tu. Hilo liliniuma, maana bweni lilikuwa na vitanda vitupu. Mama wa jikoni ndiye aliyetuokoa: akawaweka watoto karibu na jiko la kuni, akawapa chai ya maziwa yenye tangawizi. Usiku wa pili tulihamishia hema ukutani mwa bweni, kwa ushauri wa yule mzee, na tukalala.

Mafunzo yenyewe sina la kulalamika, hasa kipindi cha kufundisha watoto kwa kuigiza. Ila ratiba ilipangwa kana kwamba sote ni makapera. Kipindi cha mwisho kiliisha saa nne usiku, na baba watoto alilea peke yake siku nzima. Jumamosi aliwapeleka Irente kutazama tambarare ya Wamasai kutoka ukingoni mwa mlima. Nimeziona picha, ndiyo Irente yangu hiyo.

Vyoo visafi. Maji ya moto yapo asubuhi tu, ukichelewa yamekwisha. Chakula kingi, maharage kila siku, lakini mboga za Lushoto jamani, karoti unaila mbichi kama tunda.

Nawapa nyota tatu kwa tano, na mbili kati ya hizo ni za mama wa jikoni. Ukipiga simu kuweka nafasi, ulizia kwanza blanketi. Kisha ulizia hema litasimama wapi. Wakikwambia karibu na kijito, omba ukutani mwa bweni.