Shure SM58 ndani ya chumba cha kulala: mapitio ya mwimbaji wa Majengo

Kama unaimba, unakaa Mombasa, na studio yako ni chumba kilekile mnacholala, nunua Shure SM58 kabla ya kufikiria maiki nyingine yoyote. Najua wengi watasema hiyo ni maiki ya jukwaani, ya harusi na ya mikutano ya siasa, na kwamba kurekodi kunataka kondensa, ile nene inayoning'inizwa katikati ya mipira. Nimezitumia zote mbili katika chumba kimoja, hapa Majengo, ghorofa ya pili, dirisha likitazama barabara. Kondensa huwa naiazima kwa jirani anayepiga udi. SM58 ni yangu, na nyimbo zangu zote za sasa zimepita humo.

Chumba kina kuta tupu na sakafu ya saruji, kwa hivyo sauti inagonga na kurudi. Chini kuna tuktuk. Juu ya bati la jirani kuna kunguru, na kunguru wa Mombasa hawana saa ya kupumzika. Feni ikizimwa, jasho linakutoka kabla hujafika ubeti wa pili. (Adhana ikianza nasimamisha kazi, lakini hilo ni la heshima, maiki haihusiki.) Nikiweka kondensa mahali hapo, nikisikiliza kwa hedifoni namsikia hadi muuza mahamri akirudisha chenji.

Sababu iko katika utengenezaji wake. Ndani ya kondensa kuna utando mwembamba mno uliokaa kando ya bamba lenye umeme, na maiki hulishwa volti 48 ili ifanye kazi. Kitu kidogo tu kinautikisa. SM58 ni dainamiki: utando wake umeshikana na koili ya waya iliyo ndani ya sumaku, sauti inasukuma, koili inacheza, na umeme unazaliwa hapohapo bila kulishwa kutoka nje. Koili ina uzito, kwa hivyo zile sauti nyembamba za juu haizichukui kwa wepesi kama kondensa. Lakini faida kubwa ni umbali. Maiki hii inavumilia mdomo ukiwa vidole viwili tu kutoka kwenye wavu wake, na ukiwa karibu hivyo sauti yako inaishinda ya feni kwa mbali sana, hata huhitaji kufungulia intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu, kiasi cha kuikaribisha barabara nzima.

Kisha kuna upande. SM58 inasikia zaidi mbele na inaziba nyuma. Maana yake mwimbaji aelekee dirishani, ili mgongo wa maiki ndio utazame kelele. Watu wengi hufanya kinyume, wanalipa dirisha mgongo, na tuktuk inaingia moja kwa moja mdomoni mwa maiki. Ukishaelekea dirisha, simamisha godoro nyuma yako wewe, kwa sababu maiki inatazama ukuta ulio nyuma ya kichwa chako. Leso zilizotundikwa hazisaidii, ni nyepesi mno. Godoro la sponji ndilo linalomeza sauti.

Kuhusu ukaribu nina mengi, maana hapo ndipo maiki inapobadilisha uimbaji wenyewe. Kila ukisogeza mdomo, besi inapanda. Ukiwa vidole viwili, sauti inakuwa nzito, ya ndani, kama mtu aliyeketi nawe kwenye kiti kimoja. Ukirudi shibiri moja na nusu, inakuwa nyembamba na chumba kinaanza kusikika. Juzi nilimwalika bibi mmoja aliyekuwa akiimba harusini zamani, aje atie ubeti katika wimbo wangu. Akasimama mbali, kifua mbele, akatoa sauti ya kujaza uwanja. Nikamwambia, "Bibi, sogea kidogo." Akanijibu, "Mwanangu, nikisogea hapo nitakuwa namnong'oneza mtu." Akasogea hata hivyo, akanong'oneza, na maneno yaleyale yaliyokuwa kijembe cha hadharani yakawa siri ya wawili. Beti zote mbili nimeziweka kwenye wimbo.

Hilo limewahi kutokea kwa dunia nzima. Hadi 1925 hivi watu walirekodi kwa kuimba ndani ya pembe kubwa iliyosukuma sindano kwa nguvu ya pumzi tu, na asiye na kifua alikuwa hana santuri. Maiki za umeme zilipoingia, waimbaji wa Marekani kama Bing Crosby wakaanza kuimba chini chini, sauti ya chumbani, na mtindo mzima wa nyimbo za mapenzi ukageuka. Kwetu, Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya mageuzi hayo. Kila ninaposikia mtu akisema mitambo inahifadhi muziki tu, namkumbusha kwamba mitambo ndiyo iliyoamua nani aimbe na aimbe vipi.

Kwa maneno ya Kiswahili SM58 ni nzuri mno. Inachukua mitetemo ya kuanzia 50 hadi 15,000 kwa sekunde, na imenyanyuliwa kwa makusudi kwenye elfu nne, tano hivi, palepale zinapokaa konsonanti. "Ch", "sh" na "k" zinatoka wazi. Sisi tunaoimba mafumbo tunaishi kwa hilo, kwani msikilizaji akikosa silabi moja fumbo limekufa. Tatizo ni "p" na "b". Ndani ya ule wavu wa mviringo kuna sponji, lakini kwa vidole viwili haitoshi. Nimechukua fremu ya kudarizia kofia, nikaivalisha soksi ndefu ya nailoni, nikaisimamisha mbele ya maiki. Inafanya kazi sawasawa na zile za dukani.

Upungufu upo. Kwanza, ina sauti ndogo. Intafesi dhaifu itakulazimisha kufungulia mpaka mwisho, na hapo utaanza kusikia mchemko wa mashine yenyewe. Hakikisha intafesi yako ina nguvu ya kutosha kabla hujalaumu maiki. Pili, si maiki ya udi, angalau kwa sikio langu. Ile cheche ya plektra, kile kijiti cha kupigia, ikigusa uzi inafifia, na taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe, ndiyo inapoteza kabisa ule mng'ao wake. Ala hizo tunazirekodi kwa kondensa ya jirani, usiku wa manane, barabara ikiwa imelala.

Nikizisikiliza santuri za taarab ya Mombasa za lebo ya Mzuri, sauti za kina Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, nasikia watu walio mahali pamoja, ngoma ikivuja kwenye sauti na sauti ikivuja kwenye fidla. Mimi sina ukumbi wala kundi la kukaa pamoja kwa saa nzima. Nafanya kama wanavyofanya wengi sasa, kila sauti peke yake, moja juu ya nyingine. Njia hiyo ina baba zake: mpiga gitaa wa Marekani Les Paul alikuwa akijirudufu kwa mashine tangu miaka ya 1940, na mwaka 1957 alipata kutoka kampuni ya Ampex mashine ya tepu yenye njia nane, yaani sauti nane kando kando. Leo laptopu yangu ina njia nyingi kuliko nitakazowahi kujaza. Lakini sauti zilizorekodiwa peke yake zote kwa vidole viwili zinakuwa zote mbele, zinasukumana mlangoni.

Dawa niliyoipata ni kuitumia SM58 hiyohiyo kwa umbali tofauti. Sauti kuu, karibu kabisa. Kibwagizo mara ya kwanza nasimama shibiri mbili nyuma, mara ya pili hatua moja nzima, nikigeuza uso kidogo. Kwa kuwa maiki hii hupoteza besi haraka ukiiacha mbali, waitikiaji wanajipanga nyuma wenyewe bila mimi kugusa programu. Na usinakili kibwagizo kimoja mara tatu kwenye laptopu. Kiimbe tena. Tofauti ndogo za pumzi na wakati ndizo zinazofanya sikio liamini kuna watu. Mwaka 1966, pale studio ya Abbey Road, London, fundi Ken Townsend alibuni njia ya kurudufu sauti kwa tepu kwa sababu John Lennon wa Beatles alichoka kuimba kila kitu mara mbili, na hata hapo ilibidi nakala ichezecheze kidogo wakati wake ndipo ilete unene.

Vijana wanaokuja kurekodi kwangu huuliza kwanza kama nina Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iliyotoka nje ya noti. Ninayo. Iliuzwa mara ya kwanza 1997, kazi ya Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, na mwimbaji Cher akaifanya isikike wazi mwaka uliofuata. Inataka sauti moja safi, isiyo na feni wala ala nyingine nyuma, la sivyo inababaika, na SM58 ya karibu inaipa hasa hicho. Lakini kwa taarab naizima. Ukiimba kwa maqam, ile mipangilio ya noti ya Kiarabu, zipo sauti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda, na programu iliyowekwa kwenye noti kumi na mbili inazivuta upande mmoja kwa nguvu. Ule mtelezo wa koo uliofundishwa na mama na shangazi unanyooshwa. Nimesikia nyimbo mpya nzuri za pwani zilizoharibiwa hivyo, na inaniuma, kwa kuwa mwimbaji alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Wanaosema dainamiki haifai studio wakumbuke kwamba sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya 1982, fundi Bruce Swedien aliirekodi kwa Shure SM7, ambayo ni dainamiki pia. Ni ghali kuliko hii, na inataka intafesi yenye nguvu zaidi.

Kuhusu uimara, SM58 imekuwa sokoni tangu 1966 bila kubadilika sana, na unaona kwa nini. Unyevu wa hapa unasumbua kondensa, hasa miezi ya joto, hii haijali. Wavu unafunguka kwa kuuzungusha, unauosha pamoja na sponji kwa maji na sabuni, lipstiki na mafuta vinatoka, unaanika mpaka ikauke kabisa ndipo unarudisha. Chukua isiyo na swichi, kwa sababu kwenye kurekodi swichi ni kitu cha kugongwa tu.

Na jihadhari na feki, zimejaa. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Omba mizani dukani, na kama muuzaji hataki kupima, toka. Kisha iunganishe palepale, imba ukiwa vidole viwili, rudi hatua moja, imba tena. Besi isipobadilika, au "sh" zikitoboa sikio, iache. Weka pesa ya waya mzuri wa mita tano na stendi nzito, maana sakafu ya saruji hupitisha kila hatua ya anayepanda ngazi.