Kamchezo ka kulea kifaranga: nimebadilishiwa utumbo wote Ngamiani

Mnauliza kama inafaa kumpa fundi kamchezo ka zamani akabadilishie vifaa vyote vya ndani. Nianze na jibu, maana wengi wenu mnataka hilo tu: kazi ni nzuri, ila si ya kila mtu, na saa yake haiaminiki.

Kitu chenyewe ni kale kamchezo ka umbo la yai. Unamlisha mnyama, unamsafishia kinyesi, ukimsahau anakufa. Asili yake ni Tamagotchi ya Bandai, iliyotoka Japani Novemba 1996. Changu ni mwigo wa Kichina na kilikuwa kimelala kabatini kwa sababu ya betri. Kinatumia mbili za LR44, zile kama za saa, na hewa ya bahari ya hapa Tanga haina simile: springi zinaota kutu ya kijani, umeme unakatika, na ukikatika mara moja tu kila kitu kinafutika. Mnyama mkubwa anarudi kuwa yai. Binti yangu alikisusa kabisa.

Fundi simu mmoja wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kijana asiye na maneno mengi, alikifungua akaniambia, "Mama, hii bodi tuitupe. Tubakize kava na vitufe." Ndani akaweka bodi ya ESP32-C3, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, kioo cha OLED (kinachowaka chenyewe) cha inchi 0.96, betri ndogo ya lithiamu ya 150 mAh na saketi ya chaji ya TP4056. Dirisha la kioo lilikuwa dogo, akalipanua kwa tupa. Kingo hazikunyooka sana, lakini nani anakagua.

Kwenye chaji ndipo nilipomwamini. Saketi ile kwa kawaida huja imepangwa kusukuma ampea 1 nzima. Kwa simu si neno, ila kwa kibetri cha 150 mAh ni hatari, kinachemka na kuvimba. Akabandua kirezista, kile kidude kinachopanga mkondo wa chaji, cha kilo-omu 1.2, akachomelea cha kilo-omu 10, mkondo ukashuka hadi kama miliampea 130. Fundi yeyote utakayempa kazi hii muulize kuhusu hilo kwanza. Akibabaika, chukua kifaa chako uondoke.

Programu aliiandika mwenyewe, na kioo sasa kinasema "Nina njaa" na "Nimechafuka". Binti akataka kifaranga kiwe kaa, basi akawa kaa. Kioo cha Tamagotchi ya mwanzo kilikuwa na nukta za picha 32 kwa 16 tu. Hiki kina 128 kwa 64, hata magando yanaonekana. Raha kubwa zaidi ni kwamba hali ya mnyama inahifadhiwa kila saa kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, hivyo chaji ikiisha hafi. Flashi nayo huchakaa kwa kuandikwa, lakini ya namna hii kwa kawaida inahesabiwa kuhimili kama mara 100,000, na kwa mwendo wa kila saa hiyo ni miaka zaidi ya 11. Hadi hapo binti atakuwa na mambo yake mengine.

Sasa lawama. Kioo cha zamani hakikuwa na mwanga, kikala umeme kidogo mno, na vibetri vile vidogo vikasukuma wiki kadhaa. OLED inawaka yenyewe, kwa hiyo fundi imembidi aipange ijizime, na bodi nayo isinzie mpaka ubonyeze kitufe. Huwezi tena kumtupia jicho mnyama ukiwa unapita. Ukienda nacho ufukweni Raskazone saa sita mchana, juani huoni kitu, wakati kioo cha zamani kilisomeka vizuri jua likiwaka.

Halafu hiyo saa. Bodi ikisinzia inahesabu muda kwa kipimo chake cha ndani, ambacho kinayumba, na kila siku dakika kadhaa zinapotea. Kaa anaamka watu wameshakunywa chai. Dawa yake ni kristali ya 32.768 kHz, kile kipande kinachoipa saa mapigo sawasawa, ambayo fundi anasema atainyofoa kwenye saa mbovu ya ukutani. Bado namsubiri.

Nimelipa elfu arobaini pamoja na vifaa. Kwa anayetaka mchezo tu, ni hasara: nunua kipya cha bei ndogo, uwe unasugua springi mara kwa mara. Ila kama una mtoto aliyekwisha kumpa mnyama wake jina, lipa. Na kama unataka mlio, sema mapema, maana mimi sikuutaka na kava limeshafungwa kwa gundi. Kulifungua tena ni kulivunja.