MP3 ya Kununua Lamu: Zipi Zinadumu Kwenye Chumvi na Zipi Uziache Dukani

Ukiingia dukani kutafuta MP3, swali la kwanza utakaloulizwa ni GB ngapi. Kwa mtu anayeishi Lamu swali hilo linafaa kuja la nne. MP3 za kisiwani hufa kwa sababu tatu kabla hazijajaa nyimbo: chumvi iliyoingia kwenye tundu la chaja, waya wa aina yake pekee uliopotea ukakosa mwenzake Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, mzima, na kadi ya memori bandia. Orodha hii imepangwa kwa kufuata hayo. Ubora wa sauti umepewa uzito mdogo kwa makusudi. Tofauti ya sauti kati ya pleya hizi nyingi ni ndogo, na iafoni (spika ndogo za masikioni) nzuri itabadilisha unachosikia kuliko kubadilisha pleya yenyewe.

Simu kubwa ya skrini ya kugusa inaweza kufanya kazi yote hii, lakini inakula chaji na inakatiza kisomo kila ujumbe unapoingia. Isitoshe, ikitumbukia baharini ni hasara kubwa. Mwenye mashua, mwenye punda na fundi aliye juu ya ngazi wanahitaji kitu kidogo chenye vibonyezo vinavyotambulika kwa kidole bila kutazamwa.

Nafasi unayohitaji hasa

Faili ya MP3 ya kbps 128 (kbps ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika. Ya kbps 320 hula MB 2.4 kwa dakika. FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, hula kati ya MB 5 na 7. Kwa hiyo GB 8 hubeba zaidi ya saa 130 za kbps 128. Kisomo kamili cha Qurani cha mwendo wa kawaida huchukua takriban saa 30, kutegemea msomaji. Ukikiweka kwa kbps 64, ambayo inatosha kabisa kwa sauti ya mtu mmoja, kitakula chini ya GB 1. Mawaidha ni hivyo hivyo. Taarabu za zamani zilizotolewa kwenye kaseti zinatosheka na kbps 96 kwa mono, na kuzigeuza ziwe 320 hakuongezi chochote isipokuwa ukubwa wa faili, kwa sababu kilichopotea kwenye kaseti hakirudi. Wanaohitaji zaidi ya GB 32 ni wachache sana.

1. SanDisk Clip Jam au Clip Sport

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Ni nyepesi, ina kibanio cha kushikia kwenye kanzu au mfukoni, vibonyezo halisi, redio ya FM, na tundu la kadi ya microSD ya hadi GB 32. Chaja yake ni micro-USB ya kawaida, waya unaopatikana kwenye kila kibanda cha simu. Mtengenezaji anaihesabia Clip Jam saa 18 za betri na Clip Sport saa 25. Inasoma MP3, WMA, WAV na AAC isiyofungwa kwa kufuli ya hakimiliki.

Kasoro zake zijue kabla ya kulipa. Haipangi nyimbo kwa jina la faili. Inafuata maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, yaani jina la wimbo, msanii na namba. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba sura za Qurani zinacheza shaghalabaghala: namba hazikuandikwa, basi pleya inapanga kwa herufi. Dawa yake ni programu ya bure ya Mp3tag kwenye kompyuta. Teua faili zote, zipe namba 1 hadi 114, zote zipe jina moja la albamu, na uhifadhi kwa muundo wa ID3v2.3. Majina yakiandikwa kwa herufi za Kirumi huepuki tu vile vimraba vinavyotokea pale pleya isipoweza kuonyesha herufi za Kiarabu, bali pia hutapata taabu ukihamisha kadi kwenye pleya nyingine. Clip Sport ina ukomo wa nyimbo 2,000 kwenye memori yake na 2,000 kwenye kadi, kwa hiyo mwenye maktaba ya vipande vifupi vingi atafika mwisho kabla kadi haijajaa.

Angalia jina kwa makini: Clip Sport Plus ina Bluetooth na GB 16 za ndani, lakini haina tundu la kadi. Kwa hapa tunaiona si badala ya Jam.

2. Simu ya kabambe (simu ndogo ya vibonyezo) yenye MP3

Wengine watashangaa kuiona juu hivi. Lakini itazame kwa macho ya mtu wa Matondoni au Kipungani: betri inabanduka, na ikichoka unanunua nyingine na kuibadilisha mwenyewe bila fundi. Kadi ya hadi GB 32 inaingia. Redio ipo, tochi ipo, spika ipo. Betri yake ni ya mAh 800 hadi 1,000 kwenye modeli nyingi, mara kadhaa ya betri ya MP3 ndogo. Ondoa laini ndani yake nayo ni pleya tu.

Hakikisha jambo moja dukani: si kila kabambe hupokea kadi. Nokia 110 inapokea, lakini baadhi ya matoleo ya Nokia 105 hayana tundu la kadi kabisa, na ukiangalia sanduku kwa haraka zinafanana. Fungua kifuniko cha nyuma uone tundu kwa macho. Udhaifu wake ni kutafuta wimbo ndani ya orodha ndefu, kazi ya kubonyeza mpaka kidole kiume. Tengeneza folda ndogo ndogo.

3. Pleya za Kichina zenye skrini na kadi, kama RUIZU X02

Ni za bei ya chini, hubeba kadi, na hutumia waya wa kawaida. Aina hii nyingi hukuruhusu kufungua folda moja kwa moja, jambo zuri kwa wasiotaka kuandika maelezo ndani ya faili. Ubovu unakuja kwenye vibonyezo vilivyo usoni, vinavyojibonyeza mfukoni. Jifunze namna ya kuvifunga siku ya kwanza. Ubora hutofautiana kati ya kipande na kipande, hata sanduku likiwa moja, kwa hiyo nunua pale utakaporuhusiwa kujaribu.

4. Sony NW-WS413, kwa wanaoingia majini tu

Kwa mzamiaji na muogeleaji hii ingekuwa ya kwanza. Imetengenezwa kustahimili maji ya bahari, kina cha mita 2, na ina namna ya kuruhusu sauti za nje zisikike. Betri ni saa 12, na dakika 3 za chaji hutoa takriban saa 1 ya muziki. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo baharini. Maji ya visima vingi vya mjini yenye chumvichumvi hayafai kwa kazi hii.

Imeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu memori ni GB 4 tu bila kadi, na haichaji bila kitako chake maalumu. Kitako kikipotea, pleya imekufa nacho.

5. Sony NW-E394

Sauti safi, GB 8, na saa 35 za betri kwa MP3 ya kbps 128. Ingekuwa juu kama si waya wake: tundu ni la Sony pekee, na kadi haiingii. Ukipata iliyokwisha kutumika, usiichukue bila waya hata ukiahidiwa kwamba utaletewa kesho. Ukiichukua, agiza waya wa pili wakati huo huo.

6. iPod za zamani

Apple iliacha kuuza iPod nano na shuffle mwaka 2017, na iPod touch mwaka 2022. Hivyo kila nano unayoiona ina betri yenye umri, iliyobanwa ndani ambapo fundi hawezi kuitoa kirahisi. Nyimbo huingizwa kwa iTunes au programu inayofanana nayo. Huwezi kuburuta faili kutoka kompyuta ya saiba na kuondoka. Shuffle za mwisho huchaji kupitia tundu la iafoni kwa waya wa pekee. Za classic zina diski inayozunguka, ambayo mshtuko wa mashua hauipendi. Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani na mapenzi nazo, nano ya mwisho yenye tundu la Lightning ndiyo yenye nafuu, maana waya huo bado unapatikana.

7. Vile vidogo visivyo na jina wala skrini

Bei yake ni shilingi mia kadhaa, na huo ndio uzuri wake wote. Betri ni ndogo mno, kibonyezo cha kuwashia hulegea upesi, na nyingi husahau ulipoishia ukizima katikati ya mawaidha ya saa nzima. Kinafaa kwa mtoto anayerudia kisomo cha madrasa, akiwa na sura chache tu kwenye kadi. Vingi hucheza faili kwa mpangilio wa kunakiliwa, bila kujali majina. Fomati kadi kwanza kwa FAT32, zipe faili majina yanayoanza na 001, 002, 003, kisha zinakili kwa mpangilio huo kwenye kadi tupu. Ukiongeza faili moja baadaye, itakaa mwisho. Inabidi ufute na kunakili upya.

Pleya za sauti ya hali ya juu, kama Shanling M0 na jamaa zake, hatukuzipanga. Ni nzuri kwa msikilizaji wa FLAC aliyetulia barazani, lakini skrini ya kugusa na vidole vyenye maji ya chumvi havipatani.

Kadi ya memori

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kadi bandia hudanganya ukubwa: ndani ina GB 8, lakini imeandikwa 128 na kompyuta inaamini. Nyimbo hunakiliwa bila malalamiko. Za mwanzo zinacheza, za baadaye zinakatika au kimya kinatawala, na lawama huangukia pleya. Kagua kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo hujaza kadi yote na kuisoma tena. Kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kuandikwa tu, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kuirudisha siku ya pili. Kadi halisi ya GB 32 huonyesha 29 na ushei kwenye Windows. Huo si wizi, ni namna ya kuhesabu.

Usinunue ya GB 64 kwa pleya iliyoandikiwa 32. Kadi za kuanzia 64 huja na muundo wa exFAT, ambao pleya ndogo nyingi hazisomi.

Na ukiona faili za WhatsApp hazichezi, sababu ni aina yake. Ujumbe wa sauti ni opus, aina nyingine ya faili ya sauti, na kubadilisha mwisho wa jina kuwa .mp3 hakubadilishi kilichomo. Igeuze kwa VLC au Audacity.

Kujaribu kabla ya kulipa

Bidhaa iliyoagizwa Mombasa au Nairobi hupita Mokowe na kuvuka kwa boti, na kuirudisha ni gharama nyingine. Kama duka lipo hapa, nenda na kadi yako yenye faili tatu (kbps 64, 128 na 320) na iafoni unayoiamini. Chomeka, zungusha plagi polepole huku wimbo ukicheza. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Ukisikia udi na fidla kwa mbali lakini mwimbaji ametoweka, mguso wa ardhi wa plagi haushiki. Mara nyingi ni iafoni ya simu yenye maiki na miviringo mitatu isiyopatana na tundu la zamani. Jaribu iafoni isiyo na maiki kabla ya kulaumu pleya. Kisha iunganishe na chaja uone alama ya kuchaji, na itikise waya kidogo.

Chumvi na chaji

Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ukipitishiwa umeme wa chaja huitafuna shaba ya pini mpaka iwe kijani. Kwa hiyo usichaji pleya iliyotoka baharini hata ikionekana kavu. Safisha tundu kwa brashi laini na spiriti ya duka la dawa, na kwa kuwa spiriti nyingi zina maji ndani yake, iache ikauke mpaka kesho. Kabambe iliyotumbukia itolewe betri na kadi mara moja, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ipitishwe spiriti, kisha ikae siku mbili kivulini penye upepo.

Usiiache juani kwenye mashua, joto huivimbisha betri. Ukiiweka kabatini muda mrefu, iache na chaji nusu.

Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikichaji MP3, kwa sababu betri ndogo huvuta umeme kidogo mno na pawabenki hudhani hakuna kitu kilichochomekwa. Chomeka na simu kwenye tundu la pili kwa wakati mmoja, itaendelea kuwaka.

Katika vichochoro vya Mkomani na Langoni acha sikio moja wazi. Mwenye punda akisema simile nyuma yako, huna nafasi ya kuchelewa.