Uzoefu wangu: kula kwa Wauyghur, Zeytinburnu, Istanbul

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda Istanbul kufunga mzigo wa nguo Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, kwa ajili ya duka langu la Kariakoo, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikila jirani na hoteli: kebabu, supu ya dengu, wali mweupe wa siagi. Safari hii mpwa wangu anayesoma chuo huko alikataa katakata. "Shangazi, leo nakupeleka kwa Wauyghur," alisema, na tukapanda tramu ya T1 kutoka Laleli hadi Zeytinburnu.

Wauyghur ni Waislamu ambao lugha yao ni jamaa ya Kituruki, na asili yao ni Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, nchi ambayo wengi wao waliopo ughaibuni huiita Turkestani Mashariki. Zeytinburnu ni mojawapo ya mitaa ya Istanbul walikojikusanya kwa wingi, na utautambua kwa vibao vya maduka vilivyoandikwa Kituruki na, chini yake, Kiuyghur kwa herufi za Kiarabu. Mgahawa tulioingia ni mdogo, una meza zisizozidi kumi, chakula ni halali na pombe haiuzwi.

Kitu cha kwanza kinachostahili safari hiyo ni laghman, yaani tambi za kuvutwa kwa mkono. Jiko limetengwa na ukumbi kwa kioo, nasi tulikaa karibu nacho, kwa hiyo niliona kazi yote. Unga uliokandwa ulikuwa umeviringishwa kuwa kamba nene kama kidole, ukapakwa mafuta na kuzungushwa ndani ya sinia, duara juu ya duara, mithili ya ukili uliokunjwa tayari kushonewa mkeka. Mpishi alishika ncha, akaivuta taratibu kati ya vidole huku ikizidi kuwa nyembamba, akaizungushia viganja vyake viwili kama mtu anayekunja uzi, kisha akatanua mikono na kuipigiza mezani kwa kishindo kilichowafanya watoto wa meza ya jirani kugeuka kila mara. Tambi zilichemshwa, zikasuuzwa kwa maji baridi, na baada ya muda mfupi zilikuwa mbele yangu zimefunikwa kwa nyama ya kondoo, nyanya, pilipili hoho na kitunguu saumu vilivyokaangwa kwa moto mkali, mboga zikiwa bado na ukakamavu wake. Tambi za dukani hulegea mdomoni. Hizi zilikuwa na mvutano, na mchuzi uliziganda bila kuzilowesha. Mezani kuna siki nyeusi na pilipili iliyounguzwa kwa mafuta ya moto, ambayo wenyewe huiita laza. Ninashauri kuanza na nusu kijiko, hata kwa aliyezoea pilipili kichaa.

Siku hiyo ya kwanza tulifika saa moja usiku na tukakosa polo, yaani wali wao wa nyama na karoti, kwa sababu hupikwa sufuria moja kubwa ya mchana, na ikiisha imeisha. Tulirudi Ijumaa baada ya sala. Polo na pilau ni ndugu, kwani majina yote mawili yametokana na Kiajemi, lakini anayetarajia ladha ya pilau ya pwani ataona tofauti tangu tonge la kwanza. Hakuna karafuu, mdalasini wala iliki. Utamu wote unatokana na kitunguu, mafuta ya kondoo na karoti nyingi zilizokatwa vipande vyembamba virefu, ambazo huiva pamoja na nyama kabla ya mchele kumwagwa juu yake. Wali ulikuja na rangi ya dhahabu, punje zimeachana, na pande la nyama lililojiachia kwenye mfupa. Kwa desturi huliwa kwa mkono, na hata Wachina huuita wali wa kushika kwa mkono. Nilipoomba maji ya kunawa, mama aliyekuwa akituhudumia alifurahi waziwazi, akaniletea bakuli na taulo safi.

Samsa ni sambusa iliyookwa badala ya kukaangwa: nyama ya kondoo iliyokatwakatwa pamoja na kitunguu, ndani ya unga uliobandikwa kwenye ukuta wa tanuri, ambalo kwa Kiuyghur huitwa tonur. Ile ya kwanza iliniunguza ulimi kwa mafuta yaliyomo, kwa hiyo imege pembeni kwanza na uiache ipumue. Mishkaki nayo hunyunyiziwa pilipili na bizari nyembamba, ile ambayo wengine kwetu huiita jira na wao huiita zire.

Zipo kasoro, nami sitazificha. Ijumaa ile wahudumu walikuwa wawili tu kwa ukumbi uliojaa, na tulisubiri dakika arobaini. Mishkaki ilifika ikiwa vuguvugu, jambo ambalo kwa nyama ya kondoo ni kosa kubwa, kwa kuwa mafuta huganda mara moja. Bili ilikuwa na saladi ambayo hatukuiagiza. Tulipoonyesha waliifuta bila ubishi, lakini hakikisha unaisoma. Orodha ya vyakula haina picha, na bila mpwa wangu kunitafsiria Kituruki ningeagiza kwa kubahatisha. Kwa upande wa bei sina lalamiko: sahani mbili za laghman, samsa nne na birika la chai vilitugharimu pungufu ya nusu ya nilichokuwa nimelipa karibu na Sultanahmet, eneo la watalii, kwa samaki mmoja.

Tulipokuwa tukitoka, mpwa wangu alimwuliza mpishi ametoka mji gani. Akajibu, "Ghulja," mji wa huko Xinjiang, akanyamaza, akarudi kwenye unga wake. Wengi wao hawawezi kurudi kwao, nasi hatukumwuliza zaidi. Nilimwambia tu, kupitia kwa mpwa wangu, kwamba sijawahi kula tambi kama zake, na nilimaanisha hivyo.

Mlangoni huuzwa naan, mkate bapa wa duara ambao katikati yake hutobolewa kwa muhuri wa vijiti vyenye ncha ili usiumuke, ukanyunyiziwa ufuta na kuokwa kwenye tanuri. Ni mkate unaokaa siku nyingi bila kuharibika. Nilinunua mitatu, miwili tukaila hotelini kwa chai, na wa tatu nikaufunga ndani ya khanga katikati ya mzigo. Siku ya tatu, Dar es Salaam, niliunyunyizia maji, nikaupasha kwenye kikaango, na mama yangu akaumaliza kwa chai ya maziwa kabla sijakaa kitako.