Naitrasi kwenye Mark II ya zamani: gari halijanikosea, aliyenikosea ni muuza gesi

Nianze na hukumu kabisa, maana nimechoka kuulizwa: kama unaishi Dar na una gari la zamani, usifunge naitrasi, ile gesi ya mtungi inayopulizwa ndani ya injini kuipa nguvu ya ghafla. Sasa nieleze kwa nini, na mtanisamehe nikipandisha sauti.

Gari ni Toyota Mark II, ile tunayoiita Baluni, GX100, isiyo na tabo. Mfumo nilioagiza ni ule unaopuliza gesi na petroli kwa pamoja, na nikaweka jeti (kitundu kinachopima gesi) ya kuongeza nguvu za farasi 50 tu, kwa sababu injini imekula umri wake. Fundi wangu, Mungu ambariki, alifunga kwa adabu: plagi za baridi zaidi, yaani zinazopoa haraka, taimingi ya cheche akairudisha nyuma kidogo, na swichi isiyoruhusu gesi mpaka ukanyage mafuta hadi mwisho. Wale mnaosema naitrasi inaua injini, nyingi zimeuawa na watu waliopuliza gesi bila kuongeza petroli, au waliobonyeza kitufe mizunguko haijafika hata 3,000. Yangu haijanoki, yaani petroli haijalipuka vibaya ndani ya injini, mpaka leo.

Na raha yake, jamani, siwezi kudanganya. Mara ya kwanza kule Kigamboni, kwenye kipande cha lami kilichonyooka, solenoidi, ile vali ya umeme inayofungulia gesi, iligonga "tak" na kiti kikanisukuma mgongo. Mdogo wangu, ambaye hujifanya hashtuki na kitu, alidaka mpini wa mlango: "Bro, bro, bro!" Gari la miaka ya tisini, siti za velveti, redio bado ya kaseti! Siku hiyo ungeniuliza ningekwambia uza hata kiwanja ufunge.

Basi ile gesi ya kwanza ikaisha, nikaenda kujaza. Jamaa mmoja wa mitungi, simtaji, akajaza, akanionyesha geji, nikalipa. Jumapili moja mbele ya wenzangu nikabonyeza. Gari likavuta kidogo, likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazama kabisa. Tukapitwa na IST ya teksi, abiria nyuma anachati hata hajatutazama. Fundi akakagua kila kitu, releyi, noozeli, pampu, kila kitu kizima. Akasema gesi ilikata katikati, petroli ikaendelea kumwagika peke yake. Nenda kajaze tena, safari hii pima kwa mizani.

Hapa ndipo penye uchungu. Naitrasi ndani ya mtungi ni kimiminika. Geji inasoma presha, na presha inafuata joto: nyuzi 21 utaona kama psi 760, kwenye jua la Dar inapita 1,000. Mradi kimiminika kipo, hata kama ni nusu, geji itakwambia vilevile. Kipimo cha kweli ni uzito. Hili si jambo la chuo kikuu, yeyote anayeuza mitungi ya gesi ya kupikia analijua!

Nikarudi kwa yule yule wa mitungi, mzee wa makamo. Shikamoo yangu akaiitikia kwa kidevu. Akajaza, akanigeuzia geji.

"Imejaa hiyo."

"Mzee wangu, naomba tuipime kidogo." Mizani ipo palepale pembeni, juu yake kreti la soda.

"Dogo, umekuja kununua gesi au kunifundisha kazi? Huoni geji?"

Nikamwambia geji haionyeshi ujazo. Akawageukia vijana wake: "Mnamwona injinia?" Wakacheka. Akanyosha mkono wa pesa, ananiangalia kifuani, si usoni. Nikalipa, kwa sababu mtungi ulikuwa upande wake wa kaunta.

Nikaenda moja kwa moja duka la mchele mtaani kwetu. Mama wa watu akaondoa gunia lake, tukaweka mtungi. Lebo inasema mtupu ni kilo 6.8, ukijaa unafika 11 na ushee. Mshale ukasimama kwenye 9. Kilo mbili na kidogo! Nimelipia nne na nusu. Aliniuzia jua la Dar kwa bei ya gesi.

Nilipompigia simu akasema "si ulisema wewe injinia", akakata. Sijawahi kudharauliwa hivyo hata na trafiki.

Kwa hiyo nyota moja. Halafu hapana, nyota moja ni uonevu kwa kiti kile kilichonisukuma mgongo. Mfumo wenyewe sina neno nao, labda joto tu: wenzetu wa nchi za baridi wananunua hita ya kupasha mtungi, mimi nahangaika kutafuta kivuli cha kuegesha, maana buti la gari jeusi saa nane mchana ni oveni. Hilo ningelivumilia. Kibaya ni kwamba unanunua nguvu ambayo kila mara inabidi urudi kuiomba kwa mtu wa aina ile.

Mtungi nauza, na vikorokoro vyake vyote. Au ngoja kwanza. Kama kuna anayemjua mjazaji anayepima kwa mizani, Dar, Moro, hata Arusha nitaendesha, aniambie kabla sijapata mteja.