IB-Stim: kifaa cha sikioni kwa maumivu sugu ya tumbo

Hebu nikisogeze karibu na kamera. Tumbo ndilo linalouma, lakini kifaa kinabandikwa nyuma ya sikio. Mnashangaa? Neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi matumboni, ina tawi linalofika kwenye ngozi ya sikio. Ukilichochea kwa umeme hafifu, unalenga kutuliza njia za maumivu huko juu, bila dawa.

Hiki kijisanduku kimebeba betri na chipu. Zinatoka waya nne, na ncha zake, ziangalieni vizuri, zina visindano vya milimita 2 hivi. Mtaalamu humulika sikio kwa taa ili aione mishipa ya damu, kisha huchoma kando yake. Hapa ndipo mambo huharibika. Akiutoboa mshipa, damu hutoka na plasta haishiki. Ngozi ikiwa na mafuta, plasta inabanduka, sindano inachomoka, na mgonjwa anabaki amevaa pambo tu. Anayeogopa sindano alazwe chali kwanza, maana wapo wanaozimia.

Kinafanya kazi siku 5 mfululizo, mchana na usiku, kisha kinatupwa. Hakichajiwi. Wiki inayofuata unavaa kipya, na kibali cha kwanza kiliruhusu wiki 3. Siku hizo zote kisilowe, kwa hiyo kuogelea sahau.

FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikiidhinisha mwaka 2019 kwa vijana wa miaka 11 hadi 18 wenye IBS, yaani tumbo linalouma na kuvuruga choo bila kidonda wala uvimbe. Katika data waliyoipitia, ya vijana 50, asilimia 52 ya waliovaa kifaa halisi maumivu yao ya kawaida yalipungua kwa angalau 30%. Waliovaa kifaa bandia, kisichotoa umeme? Asilimia 30. Tofauti ipo, ila karibu nusu hawakufikia hapo, kwa hiyo msimwahidi mtoto kupona.

Mwenye betri ya moyo, hemofilia (damu isiyoganda vizuri) au soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba) asikitumie. Na kama kuna damu kwenye choo, homa au kukonda, chunguzeni kwanza chanzo chake.

Zile klipu za sikioni zinazouzwa mtandaoni? Hazina sindano, na takwimu hizi si zake. IB-Stim huandikwa na daktari na kuvishwa na aliyefunzwa.